Dua Isiyo na Haraka

Jumatatu, 20 Aprili

Siku ya ishirini na sita tangu tufungiwe ndani. Maradhi yanatembea mitaani; sisi hatutembei. Nyumba ya ibada imetiwa kufuli kubwa, na kiti changu cha mbele, bila shaka, kimekwisha kusahau uzito wangu.

Leo habari imefika. Mchungaji alipiga simu asubuhi, nikiwa na povu la mswaki kinywani. Kuanzia Jumatatu ijayo, kila siku saa kumi na mbili jioni, mzee mmoja ataomba dua kwa njia ya simu, na waumini wote watamtazama na kumsikiliza kutoka majumbani mwao, mpaka milango itakapofunguliwa. Mzee mmoja! Moyo wangu uliruka kama mwanakondoo. Miaka thelathini nimefungua ibada kwa dua. Nani mwingine awezaye?

Kumbe yupo. Mchungaji alimtaja Filimbi, jirani yangu wa ukuta wa nyuma, mkuu wa stesheni mstaafu, ambaye huomba dua kama alivyokuwa akitangaza treni. Inafika, inaondoka, amina. Dakika mbili! Je, Mwenyezi Mungu ni abiria?

Tena kuna sharti. Kwa kuwa ibada imehamia nyumbani, atakayeiongoza ashuhudiwe na nyumba yake. Kila mtu wa nyumba atampelekea Mchungaji ujumbe wa sauti, aseme jambo moja jema aliloligundua kwa mzee huyo katika siku hizi za kukaa pamoja. Mwisho ni Jumapili mchana.

Mashahidi wangu ni wanne. Mke wangu. Binti yangu, mwalimu wa darasa la nne, anayefundisha kwa simu kutoka meza ya chakula. Mwanangu, kinyozi, ambaye kibanda chake kimefungwa na mikono inamwasha. Na mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka themanini na sita, aliyekuja kututembelea kwa siku tatu, mwezi uliopita.

Niliwatangazia wakati wa chakula, nikawasihi watafakari. Mke wangu akasema atatafakari akimaliza kuosha vyombo. Mwanangu akauliza kama ni lazima liwe jambo la mwaka huu. Binti yangu akataka kujua ujumbe usipungue sekunde ngapi. Mama mkwe aliweka kijiko chini, akasema, "Mkwe wangu, jambo zima?"

Nafasi hii sharti niipate. Naandika haya kwa unyofu, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Bila dua ile mimi ni nani? Ni mzee aliyevaa suruali ya kulalia mchana kutwa, anayeulizwa kama amekwisha kunywa dawa.

Jumanne, 21 Aprili

Mpango wa kwanza: utumishi. Nimeamua kuanza na mke wangu.

Nilivaa shati jeupe, nikakunja mikono, nikaingia jikoni wakati yeye akianika nguo uani. Niliosha vikombe tisa, sahani kumi, sufuria tatu. Kisha nikakiona kikaango cha chuma. Cheusi! Kimeganda mafuta ya miaka mingi! Niliona haya kwamba nyumba yangu imekaa na uchafu wa namna ile. Nikatwaa waya wa kusugulia. Nilisugua kwa saa nzima, nikiimba. Kiking'aa, nikakisimamisha juu ya meza kama taji.

Mke wangu akaingia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akakishika, akakigeuza, akajitazama ndani yake. Akaniarifu kwa sauti ya chini kwamba weusi ule ameulea kwa miaka kumi na saba, safu juu ya safu, ili chakula kisigande. Kisha akakaanga yai mbele yangu. Yai liligawanyika mara mbili. Nusu ilitoka na kijiko. Nusu ingali pale.

Mama mkwe alipita mlangoni, akachungulia, akauliza ni nani aliyefariki.

Jumatano, 22 Aprili

Mpango wa pili: elimu. Leo zamu ya binti yangu.

Amelalamika tangu juzi kwamba wanafunzi wake hawatulii kwenye simu. Nikatambua mara moja kinachokosekana: kipindi hakifunguliwi kwa dua. Alipokwenda kuchukua chaki, nikaketi kwenye kiti chake. Nyuso thelathini na moja za watoto zikanitazama. Nikafumba macho.

Niliwaombea wao, wazazi wao, madaktari, wauguzi, wachimba visima na mabaharia. Nilipofika kwa wafalme wa dunia nilihisi mtu akinivuta kola. Nikadhani ni upinzani wa kiroho. Nikakaza mwendo.

Nilipofumbua macho, kipindi cha hesabu kilikuwa kimekwisha. Kifurushi cha intaneti kilikuwa kimekwisha vilevile. Binti yangu aliniambia kwamba kabla simu haijakatika alikuwa amebaki mtoto mmoja tu, naye alikuwa amelala, na mama yake mtoto alikuwa akifagia nyuma yake. "Baba," akasema, "mimi nakuheshimu sana. Lakini kesho tuna hesabu za sehemu. Nakuomba kesho ushinde uani."

Ameficha kiti.

Alhamisi, 23 Aprili

Mpango wa tatu, nao ulikuwa wa hekima kuliko yote. Nimegundua kosa langu: nilikuwa nikiwatumikia watu badala ya kuwaacha wanitumikie. Mtu humpenda anayemhitaji. Mwanangu hajashika kichwa cha mtu kwa siku ishirini na tisa. Juzi nilimkuta akiitazama brashi ya sakafu kwa huzuni. Nikaenda uani, nikaketi juu ya kigoda, nikamwambia, "Mwanangu, kichwa hiki hapa."

Furaha yake! Alileta shuka, mashine ya kunyolea, poda, hata kile kioo kidogo cha kuonyesha kisogo. Aliniita "mteja". Alinieleza habari za kibanda chake, kwamba anahofu mwenye jengo amekwisha kumpa mtu mwingine, na kwamba hajamwambia mama yake. Moyo wangu ukaguswa. Na moyo wangu ukiguswa, huomba dua.

Naomba ieleweke kwamba sikukusudia kuomba kwa sauti. Ilikuja yenyewe. Mimi kila nikisema amina huinamisha kichwa, ndivyo nilivyofundishwa na walimu wangu. Mwanangu alikuwa amefika kwenye paji la uso. Nilisema, "Umfungulie mlango, amina." Nikainama.

Nyusi ya kushoto haipo. Yote!

Mwanangu aliketi chini, akashika kichwa. Alisema tangu aanze kazi hajapata mteja anayesali akinyolewa. Akapendekeza aiondoe na ya kulia, ili zilingane. Nilikataa. Mke wangu alisema nafanana na mtu aliyeulizwa swali asilolielewa. Mama mkwe alitolewa nje, mkongojo mkononi, aje kunitazama. Alicheka hata akakaa. Kwa miaka thelathini na minane sijapata kumwona mama huyu akicheka nyumbani mwangu! Alisema hii ndiyo sura bora niliyopata kuwa nayo tangu nimpose binti yake.

Nimeandika pembeni: furaha kwa mama mkwe. Lakini sijui kama aweza kulitoa hilo kama ushuhuda.

Ijumaa, 24 Aprili

Siku mbili zimebaki. Mpaka sasa hakuna shahidi hata mmoja aliyepeleka ujumbe. Nimewauliza asubuhi, mchana na alasiri. Mke wangu akasema nikiuliza mara ya nne atapeleka kweli, na nitajuta.

Nikaona ni vema nijue hali ya upande wa pili. Siyo upelelezi. Ni uangalizi wa kichungaji. Niligeuza ndoo kinyume kando ya ukuta wa nyuma, nikapanda, nikainua kichwa kidogo, barakoa usoni kwa ajili ya usalama wa jamii.

Yale niliyoyaona yalinitia baridi. Filimbi alikuwa amewapanga mke wake na wanawe wawili mstari mmoja kwenye baraza, naye anatembea mbele yao na karatasi. Alisoma, "Baba ni mtu mvumilivu." Nao wakaitikia, "Baba ni mtu mvumilivu." Akasema hapana, hawana hisia, warudie. Akamwambia mke wake aweke machozi kidogo baada ya "mvumilivu".

Udanganyifu ulioje! Mtu mzima, mwenye mvi, anawafundisha mashahidi maneno ya kusema! Nilitetemeka kwa ghadhabu takatifu. Kisha nikashuka kwenda kutafuta karatasi.

Kwa bahati mbaya ndoo ilishuka kabla yangu. Kwa ule mshindo Filimbi akaja ukutani, akanikuta nimening'inia kwa viwiko. Akauliza ninatafuta nini. Nikajibu kwamba nakagua nyufa. Akanitazama sana, akasema, "Sawa, jirani. Na hiyo nyusi, imepitia ufa upi?"

Nimeungama uongo wa nyufa kabla ya chakula cha jioni. Nyusi sikuitaja.

Jumamosi, 25 Aprili

Asubuhi niligawa karatasi nne. Niliandika kila ushuhuda kwa mkono wangu, kwa kiasi, bila kutia chumvi. Mke wangu alivaa miwani akasoma yake hadi mwisho. Alisema, "Mzee, hapa umeandika 'mnyenyekevu' mara tano. Mnyenyekevu gani anahesabiwa hivyo?" Binti yangu alirudisha yake imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mwanangu alisema ataisoma, ila neno "malezi matukufu" lamshinda kutamka bila kukohoa. Mama mkwe alifungia miwani yake ndani ya karatasi.

Hapo ndipo nilipopata wazo kuu. Kwa nini nishuhudiwe kwa maneno? Waumini na waione nyumba yangu kwa macho yao! Familia imeketi pamoja, imetulia, inaomba. Nikamwomba Mchungaji ruhusa ya dua moja ya majaribio, saa kumi na mbili, wote watazame. Akakubali. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema sitachelewa.

Mwanangu aliiweka simu juu ya kabati la vyombo, hata sebule nzima ikaonekana: makochi mawili, meza, mlango wa jikoni, saa ya ukutani. Niliketi katikati, upande usio na nyusi nimeuelekeza kwenye pazia. Wanne wangu wakaketi kunizunguka. Nikafumba macho.

Dakika arobaini na moja! Sijapata kuomba namna ile tangu nilipohitimu chuo cha dini. Niliwataja wagonjwa kwa mitaa yao. Nililitaja goti la mke wangu, mgongo wa mama mkwe, koo la binti yangu, kibanda cha mwanangu. Niliwataja watu wa bara na watu wa visiwani. Na kila nilipopumua, amina ilinijia kwa wakati wake, mara kwa sauti ya mke wangu, mara ya mwanangu, mara ya binti, mara ya bibi. Haikukosekana hata moja. Nilipofumbua macho wote walikuwa wameketi, nyuso zimejaa amani. Mwanangu alikuwa bado akitafuna kitu polepole. Nikajua ni maneno ya kimoyomoyo.

Na tazameni idadi! Nilipoanza, watazamaji walikuwa ishirini. Nilipomaliza, mia moja na arobaini. Waliitana! Filimbi kwisha habari yake.

Jumapili, 26 Aprili

Ole wangu.

Filimbi alipiga simu kabla ya chai. Hakuweza kusema. Alikuwa akilia, nami nikaanza kumfariji kwa kushindwa kwake, mpaka nilipotambua kwamba hakuwa akilia.

Nikamwamuru binti yangu anionyeshe ile dua. Alisema, "Baba, si lazima." Nikasema ni lazima. Imehifadhiwa yote.

Dakika ya tatu, mwanangu anainuka kwa ncha za vidole, anaondoka. Dakika ya tano, mke wangu anamfuata. Dakika ya sita, binti naye. Mama mkwe peke yake anabaki, mikono juu ya mkongojo, macho kwenye saa ya ukutani, akisema amina kila nipumuapo kama askari wa lindo. Inapofika dakika ya kumi na mbili kamili binti anarudi, anamgusa bibi bega, anaketi. Mama mkwe anajikokota kwenda kulala kwenye kochi la pili. Kisha mke wangu yuaonekana mlangoni akikunja mashuka. Kisha mwanangu anapita na sahani. Ni sahani yangu. Dakika ya ishirini na tisa, wakati ninawaombea mabaharia, sebuleni hakuna mtu aliye macho, isipokuwa mimi ambaye nimefumba. Na bado amina inasikika. Inatoka jikoni, kwa sauti ya juu, pamoja na mlio wa kikaango kinachosuguliwa.

Dakika ya arobaini ninaanza kushukuru kwa mvua. Wote wanarudi mbio, wanyamavu kama paka, wanaketi, wananyoosha nguo. Bibi anaamshwa. Wanajua! Wanajua kwamba mvua ndiyo mwisho!

Niliuliza jambo hili lilianza lini. Mke wangu, asiyeona haya, alifungua mlango wa kabati la vyombo. Kwa ndani imebandikwa karatasi iliyogeuka manjano. Juu imeandikwa: ZAMU. Siku saba, majina, dakika. Ina miaka kumi na moja. Mama mkwe ameongezewa mstari mwezi uliopita, kwa kalamu mpya, naye amejiandikisha mara nyingi kuliko wote. Mke wangu aliniuliza kwa upole, "Mzee, ungependa tuwe tunakukatiza?"

Nilikwenda kuketi uani juu ya kigoda. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia Mchungaji barua ya kujiondoa, yenye kurasa nne na utangulizi, aliponipigia simu saa tisa alasiri. Alisema ametumiwa shuhuda nne tangu jana, bila karatasi yoyote. Akanisikilizisha.

Mwanangu: kwamba mimi ni mteja pekee asiyedai kioo. Binti yangu: kwamba wazazi wa wanafunzi wameomba nirudi, kwa kuwa watoto wao wa darasa la nne hawajalala mchana namna ile tangu wazaliwe. Mama mkwe: kwamba mgongo wake haumpi usingizi, dawa zimeshindwa, ila siku asiyo na zamu, mkwe wake akifika kwa mabaharia, yeye huwa amekwisha kupotea. "Msimnyang'anye," akasema. "Mtaniua mimi."

Kisha mke wangu. Alisema, "Huyu mzee ametutaja mmoja mmoja kila siku tangu tuoane, na maumivu ya kila mtu. Mwenye zamu anasikiliza kwa niaba yetu, kisha anatuambia nani kaombewa nini. Ndivyo nilivyojua habari ya kibanda. Mwanangu hakuniambia. Alimwambia baba yake, na baba yake akamwambia Mungu kwa sauti kubwa. Humu ndani tungekuwa hatujuani."

Niliomba radhi kidogo kwenye simu, nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili lisikike lenyewe.

Mchungaji amesema nafasi ni yangu. Amesema watu waliokuwa wakilia kwa wiki tatu jana walicheka, na mgonjwa mmoja aliyelazwa aliomba aonyeshwe tena pale pa jikoni. Ametoa masharti mawili: nisizidishe dakika tatu, na nisifumbe macho. Nikakubali yote. Ningekubali hata kusimama kwa mguu mmoja.

Jumatatu, 27 Aprili

Siku ya kwanza ya utumishi wangu. Saa kumi na mbili kamili, simu juu ya kabati, macho wazi. Kwenye kioo cha simu nyuso za waumini zilijipanga katika vyumba vidogo vidogo, mia mbili na tano. Mbele yangu wanne wangu, wameketi wima, wananitazama. Sijapata kuangaliwa na familia yangu wakati wa dua. Ni jambo la kutisha mno. Maneno yote yalinikimbia. Nikasema, "Ee Bwana." Nikasema tena, "Ee Bwana." Mama mkwe akakohoa.

Nikafumba macho kwa nukta moja tu, ili niyakusanye mawazo.

Dakika hamsini na mbili.

Nilipofumbua, sebule ilikuwa tupu, isipokuwa mama mkwe aliyekuwa akikoroma. Kwenye simu, vyumba vile vyote vilionyesha viti, mapazia, kona za meza. Mmoja tu alikuwamo: Filimbi, ameketi wima kama yuangojea treni, akasema, "Amina."

Nilimuuliza wenzake wako wapi. Hakuona haya. Alinieleza kwamba leo ni zamu yake, kesho ni ya mshonaji wa mtaa wa pili, keshokutwa ni ya Mchungaji mwenyewe. Ratiba imekamilika kwa wiki thelathini. Aliyeipanga ni binti yangu.

Wiki thelathini! Mia mbili na watano, na kila mmoja amekubali kungojea siku yake! Wamejigawia wenyewe, bila kushurutishwa, ili pasiwe na mtu atakayenisikiliza zaidi ya mwenzake. Katika utumishi wangu wote sijapata kuona njaa ya dua kama hii. Kinachonihuzunisha ni kimoja. Mtu angojee majuma thelathini, zamu yake ifike, kisha apate dakika hamsini na mbili tu? Si haki.

Kesho nitaanza saa kumi na moja.